Vijiti vya Gunnvor Øvrelid

"Nipeni theluji ya kufika kiunoni, nipeni upepo wa kung'oa nyusi, kisha nileteeni kijana yeyote wa Oslo mwenye saa ya bei ya ng'ombe wawili. Nitamngoja kwenye supu."

Maneno hayo aliyasema Gunnvor Øvrelid kwenye mkutano mkuu wa klabu ya michezo ya Skurvedal, mwezi wa kumi na moja, kwenye kipaza sauti, mdomoni ana keki. Hakuna aliyemwomba aseme. Ajenda iliyokuwa mezani ilikuwa rangi ya mlango wa choo cha ukumbi. Lakini mwandishi wa gazeti la wilaya alikuwepo, kwa sababu kwetu mlango wa choo ni habari, na Alhamisi iliyofuata maneno yakatoka ukurasa wa tano, pamoja na picha, pamoja na keki.

Naandika haya nina hasira. Nasema mapema, asije mtu baadaye akanitafutia uungwana katikati ya mistari.

Gunnvor ana miaka hamsini na minane na mabega ya mtu aliyebeba jokofu akasahau kulitua. Miaka ishirini na sita ameendesha lori la halmashauri la kusukuma theluji, anatoka saa kumi alfajiri, ili walimu wafike shuleni na wanafunzi wakose kisingizio. Ukimwuliza kazi yake atakwambia ni vijiti. Vuli anachomeka vijiti kando ya barabara, ili theluji ikishafunika kila kitu ajue lami inaishia wapi na mtaro unaanzia wapi. Februari anachomeka mlimani. Mei anavikusanya vyote. Ana maoni mengi kuhusu vijiti kuliko mchungaji wetu alivyo nayo kuhusu Mungu.

Mbio alianza kwa ajali. Siku moja lori lilimfia juu kabisa mlimani, mkanda wa injini umekatika, simu haishiki. Akashuka kilomita kumi na nne kwa miguu kwenye theluji, na mabuti ya kazi, akachukua mkanda mpya karakana, akapanda nao tena umening'inia shingoni kama mkufu. Fundi akamwuliza kwa nini hakungoja apelekewe.

"Nilikuwa nasikia raha," akasema, kwa aibu, kama mtu aliyekutwa analamba sukari.

Mwaka uliofuata akajiandikisha kwenye Mbio za Skurve: kilomita hamsini na nane, Jumamosi ya pili ya Machi, juu ya mlima na kurudi, kwa muda usiozidi saa kumi na mbili. Akafika wa mwisho. Meza zilikuwa zimeshakunjwa, amebaki Asbjørn peke yake, msimamizi wa kibanda cha mlimani, ameketi juu ya sufuria iliyofunikwa kwa blanketi ili supu isipoe. Gunnvor akala bakuli tatu akiwa amesimama, halafu akauliza mwakani ni lini.

Ukihesabu na hiyo, amemaliza mara tisa. Zingekuwa zaidi, ila miaka mingine theluji ilimwita kazini siku ile ile.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kwenye kibanda cha Kråkhytta, kilomita ya thelathini na saba, ukutani juu ya jiko, kuna ubao wa msonobari. Aliyemaliza mara kumi jina lake linachomwa kwenye ubao huo, na chuma kile kile Asbjørn anachochomea namba kwenye pembe za kondoo wake. Hakuna medali, hakuna cheti. Yapo majina manne, yote ya wanaume, na mmoja wao, Torleif, kijiji kizima kinajua kwamba mwaka fulani alipanda pikipiki ya theluji kutoka ziwani hadi msituni. Gunnvor akiingia kibandani huwa anakunywa kahawa yake akiliangalia jina hilo mpaka kikombe kiishe.

Mwaka jana ulikuwa mwaka wake wa kumi, na ulikuwa wa mwisho. Goti la kushoto limekwisha. Daktari alimwambia hivi: msimu mmoja wa baridi, mama, na huo mmoja nakupa kwa shingo upande. Kwa hiyo ilikuwa mwaka ule au basi.

Sasa tumlete Preben.

Klabu yetu ilishindwa kulipia bima ya uokoaji, tukaikabidhi kampuni moja ya Oslo mbio zetu kwa mkataba wa miaka mitano. Kura thelathini na moja kwa sita. Mimi pia nilinyoosha mkono. Waliahidi vyoo vya kukodi. Preben ndiye mkurugenzi wa mbio. Ana meno mengi kuliko mtu mmoja anavyohitaji, na koti lenye mifuko kumi na saba, ambayo bado sijajua ni upi anamowekea akili.

Februari ya mwaka huo alikuja kutuona kwenye msaragambo wa vijiti. Ni kazi ya kijiji, hailipwi, na asiyefika anatajwa hadi Pasaka. Matawi ya mbetula tunayakata vuli, tunayafunga mafungu, na Februari tunayachomeka kwenye theluji toka ukingo wa msitu hadi kibandani, ili dhoruba ikikufumba macho uende kijiti kwa kijiti mpaka ufike mahali penye jiko. Njia ya kiangazi inapita chini ya mteremko. Njia ya baridi haipiti huko, inakatiza juu ya barafu ya ziwa la Langevatn. Mteremko wenyewe tunauita Mama Mkwe. Upepo ukivuma kutoka magharibi unaujaza theluji kule juu saa chache tu, na siku ukiamua kusema, unasema mara moja: theluji yote inaporomoka. Ndiyo maana unapita mbali.

Preben alisimama, akatazama mstari wa vijiti unavyokatiza ziwani.

"Hivi vinatolewa lini?"

"Baada ya Pasaka," Gunnvor akajibu bila kuinuka.

"Namaanisha kabla ya mbio. Kwenye picha vinaonekana kama uchafu."

"Ukipotea huku utaviona vizuri kuliko mama yako."

Watu wakacheka. Preben naye akacheka, meno yote.

"Na hili ziwa," akasema. "Kilomita mbili, tambarare, hakuna kitu. Ziwa halina hadithi."

"Hadithi ya nini?" Asbjørn akadakia. "Wanakuja kukimbia au kulazwa?"

"Nawaza kwa sauti tu, wazee wangu. Mkimbiaji chini ya ule mteremko, droni inapaa juu yake... mnaiona?"

Gunnvor akasimama sasa, fungu la vijiti kwapani. "Naiona. Nimewahi kuona na inayofuata baada ya hapo. Tulichimba siku mbili. Alikuwa mwenye duka, na alikuwa na haraka."

Preben akasema amesikia, anashukuru sana, hiyo ni elimu ya wenyeji na kampuni inaithamini mno. Nawaomba mkumbuke neno mno.

Kwetu kijiti hakiguswi. Sijui nieleze vipi kwa mtu asiyekaa huku. Mtoto anaweza kukutukana na kukuibia baiskeli, lakini hatang'oa kijiti cha njia ya baridi. Gunnvor akiwa katikati ya mbio, akikuta kijiti kimelala, anasimama, anakirudisha, anakikanyagia theluji kwenye mzizi, ndipo anaendelea. Mwaka mmoja ilimgharimu nafasi nne. Alipoambiwa akashangaa: sasa ningekiacha?

Alhamisi kabla ya mbio kampuni ikatuma barua pepe kwa wakimbiaji. Ndefu, yenye vipengele kumi na vinne. Cha kumi na moja kilisema "marekebisho madogo ya njia eneo la ziwa". Gunnvor hakuisoma. Alhamisi na Ijumaa theluji ilianguka mfululizo, naye alikuwa ndani ya lori akisukuma ili wageni hao hao wafike na magari yao. Na Ijumaa mchana, wakati yeye yuko barabarani, watu wawili wa Preben walipanda na pikipiki ya theluji, wakang'oa vijiti vya nusu ya kwanza ya ziwa, wakaenda kuvichomeka chini ya Mama Mkwe. Nusu ya pili waliiacha, maana huko droni haikuwa na kazi. Huko chini ya mteremko wakasimamisha na nguzo yenye kisanduku cha kusoma chipu za wakimbiaji.

Jumamosi mimi nilikuwa Kråkhytta na Asbjørn, zamu ya supu na mikate ya mdalasini. Pamoja nasi alikuwepo binti wa kampuni mwenye kishikwambi, mpole, miguu inaganda ndani ya viatu vya mjini. Mbio zilianza saa kumi na mbili asubuhi. Ishirini na nne wa mwanzo walipita upesi, hewa imetulia, na mimi sikuona ajabu yoyote. Saa nne na robo upepo ukashuka kutoka magharibi kama mtu aliyefungua mlango kwa teke. Dakika kumi baadaye nilikuwa sioni choo.

Ikapita saa tano. Sita. Hakuna mtu. Asbjørn anatoka nje kila baada ya dakika tano, anarudi na ndevu nyeupe.

Saa sita na nusu wakaanza kuingia, kumi na mmoja kwa mpigo, kope zimegandamana.

"Wamepita upande usiofaa," binti akasema, anagonga kishikwambi chake. "Wamekatiza ziwani. Kisanduku hakijawasoma."

"Kisanduku kiko wapi?" Asbjørn akauliza.

Akamwonyesha kwenye ramani. Nilimwona Asbjørn uso wake unakuwa wa rangi ya jivu, halafu wa rangi ya jiko linalowaka.

"Nani kawapitisha ziwani?" nikawauliza wale wakimbiaji.

"Mama mmoja," akajibu mwanamke mmoja, meno yanagongana. "Ana vijiti mgongoni. Anatukana sana. Kasema niwaambie supu isiishe."

Wakaendelea kuingia, wawili wawili, watano watano, wote kutoka ziwani, tisini na sita kwa hesabu ya Asbjørn. Gunnvor aliingia nyuma yao wote, saa nane kasoro dakika ishirini. Hakukaa. Alisimama katikati ya kibanda, theluji inamdondoka, akala supu huku anaongea, na sijapata kumsikia mtu akila kwa hasira namna ile.

"Nilifika ziwani wa ishirini na tano. Sioni mkono wangu, lakini vijiti vipo, nafuata vijiti. Nina shaka gani? Vijiti ni vyangu. Halafu nikagusa kimoja, kikayumba. Chetu kinazama mkono mzima, kinaegemea upepo. Hicho kimesimama wima kama kiko kwenye gwaride. Nikahesabu hatua. Kumi na sita. Kijiti cha pili, kumi na sita. Cha tatu, kumi na sita. Nani anachomeka vijiti kwa rula, Asbjørn? Sisi pabaya tunakaribiana, pazuri tunaachiana. Nikasikia upepo unanipiga kisogoni. Ziwani unapaswa kunipiga shavu la kushoto. Nikajua niko wapi. Na hapo theluji ikalia chini yangu."

"Ililiaje?"

"Vumm. Kama mtu mnene kakaa ghafla kwenye godoro."

Asbjørn akaketi; theluji ikilia hivyo, iko karibu kuporomoka.

Alikuwa na watu kumi na mmoja nyuma yake, kila mmoja anamfuata yeye. Akawageuza. Akawaambia waende mmojammoja, wameachana, wasiseme kitu, na kila atakayepita kijiti aking'oe ili wanaokuja wasivifuate. Wakarudi mpaka ukingo wa ziwa na vijiti hamsini na viwili. Kutoka hapo akawapanga mstari, upepo kwenye shavu la kushoto, akavuka nao huku anachomeka upya mpaka walipovikuta vijiti vya nusu ya pili. Akawatuma wale kumi na mmoja kibandani. Yeye akarudi mwanzo wa ziwa, akasimama pale kama askari wa barabarani, anasukuma kila anayekuja kwenye njia ya kweli, mpaka alipopita wa mwisho.

Akaweka bakuli chini. 

"Nimeng'oa vijiti," akasema. "Mimi."

Asbjørn akatazama saa. Kisha akasema, "Una kilomita ishirini na moja. Saa nne na dakika ishirini."

"Najua saa." Akatazama juu ya jiko, kwenye ubao, kwa Torleif. "Washa chuma chako," akasema, akatoka.

Goti lile lilimbeba vipi sijui. Nilishuka kwa pikipiki ya Asbjørn, nikamkuta anaingia uwanja wa ukumbi saa kumi na mbili kasoro dakika tisa, anaburuta mguu wa kushoto kama mzigo wa mtu mwingine. Watu wale tisini na sita, waliokuwa wameshafika, walitoka nje na soksi kumpigia makofi. Wengine walilia. Preben alimkumbatia mbele ya kamera.

Nusu saa baadaye akamwita kwenye chumba cha kuning'inizia makoti. Nikaingia naye, hakuna aliyenikaribisha.

"Gunnvor, kwanza, sisi sote tunakuheshimu," Preben akaanza.

"Sema."

"Wakimbiaji tisini na sita hawakusomwa na kisanduku. Tumeamua kuwahesabia kwamba wamemaliza. Walifuata alama walizozikuta, hawana kosa."

"Vizuri."

"Tatizo ni wewe. Wewe ndiye uliyehamisha alama. Kanuni ya tisa. Mshiriki anayeingilia alama za njia anafutwa."

Koti la mtu lilikuwa likidondosha maji sakafuni.

"Nani alizihamisha kwanza?" Gunnvor akauliza.

"Sisi ni waandaaji. Ilitangazwa. Kipengele cha kumi na moja."

"Kijana, ule mteremko ulilia chini ya miguu yangu."

"Lakini haukuanguka," Preben akasema, kwa upole, kama anamfariji mtoto. "Elewa upande wetu. Tukisema ulifanya sawa, tunasema njia yetu ilikuwa ya hatari. Bima..."

"Umeshasema hivyo sasa hivi," nikamwambia. "Kwa mdomo wako mwenyewe."

Akanitazama kama ananiona mara ya kwanza. "Na wewe ni nani?"

"Mtu wa supu."

Gunnvor hakupiga kelele. Nilimwombea apige. Alivua namba yake kifuani, pini moja moja, nne, akazitia pini mfukoni kwa sababu pini ni pini, akamkabidhi karatasi.

Ningependa kuwaambia kwamba Mama Mkwe aliporomoka Jumapili, hapana mtu chini, akakizika kisanduku chao mbele ya dunia nzima. Haikutokea. Mteremko ulikaa pale pale Machi yote na Aprili yote, na Mei ukayeyuka kwa adabu, tone kwa tone. Preben alitutumia picha.

Niliandika barua tatu. Nikajibiwa mara tatu kwamba mchango wangu unathaminiwa. Wale tisini na sita waliandika pia, wakapewa punguzo la asilimia ishirini kwa mwakani, na wengi, nasikia, wamelichukua. Siwalaumu. Nawalaumu kidogo.

Asbjørn alikwenda nyumbani kwa Gunnvor na chuma chake kwenye gunia. Nilikuwepo, tunakula mkate na jibini la kahawia.

"Ubao ni wangu," Asbjørn akasema. "Ukuta ni wangu. Kampuni haina hata msumari pale. Nakuchoma kesho."

"Hapana."

"Ulimaliza, mwanamke wewe! Dakika tisa zimebaki!"

"Orodha inasema sikumaliza. Ubao unafuata orodha. Ukiniandika kwa huruma, nitakuwa tofauti gani na Torleif na pikipiki yake?"

"Torleif alidanganya. Wewe ulifutwa na wapumbavu."

"Atakayeingia pale baada ya miaka thelathini atajuaje?" Akamkatia kipande kingine cha jibini. "Kula, Asbjørn. Chuma kirudishe kwa kondoo."

Mwezi wa nne walimpasua goti. Kupanda lori sasa anaanza na mguu wa kulia, wa kushoto anauinua kwa mikono miwili, anautia ndani, anafunga mlango. Msaragambo wa Februari hii aliuendesha kutoka kwenye kiti cha kukunja, ukingoni mwa msitu, akitupigia kelele kwamba tunachomeka kama watalii. Mkataba una miaka minne imebaki. Kwenye mkutano mkuu nilisimama nikataka tuuvunje. Kura zikawa kumi na saba kwa ishirini. Vyoo vya kukodi vina wafuasi.

Wiki iliyopita kampuni ilifungua duka kwenye tovuti yake. Nikampelekea Gunnvor simu ndani ya lori, injini inaunguruma, akavaa miwani. Ilikuwa fulana nyeusi. Mgongoni, kwa herufi nyeupe kubwa: NITAKUNGOJA KWENYE SUPU. Chini yake nembo ya kampuni, na kijiti kimoja kilichochorwa vizuri, kimesimama wima. Jina lake halipo popote.

Alisoma polepole, akanirudishia simu, akaweka gia.

Fulana hiyo ni kroner mia tano arobaini na tisa.